Mwanangu, umeniuliza kwanini nililia

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma jana baada ya kufunga duka, nikairudia tena asubuhi, nikaona nikujibu kwa kirefu na kwa Kiswahili maana Kigujarati chako cha kusoma ni cha kubabaisha na Kiingereza changu kwenye mambo haya ni kibovu zaidi. Umeuliza mawili. Kwanza, inakuwaje mimi ninayesoma Gita kila alfajiri, kitabu chetu kitakatifu sisi Wahindu kinachosema roho haizaliwi wala haifi, nililia vile siku tunamchoma bibi yako mpaka foi, shangazi yako, akanishika mkono. Pili, wewe uliyekuwa unaangalia kwenye simu huko Leicester hukutoa hata chozi, sasa unajiuliza ndio umeshafika kwenye vairagya, ile hali ya mtu kutong'ang'ania kitu, au una tatizo.

Kwa hilo la kwanza na mimi nikuulize, nani alikuwa wa kwanza kufundishwa Gita? Arjuna, yule shujaa wa vita. Hakusikia kwa swami wa YouTube, aliambiwa na Krishna mwenyewe, Mungu aliyekuja kama mtu, wakiwa ndani ya gari la farasi kwenye uwanja wa vita wa Kurukshetra, vita ikiwa inaanza, sura 18 mistari 700, na ule mstari maharaj, kuhani wetu, aliousoma siku ya bibi, kwamba mtu huvua nguo kuukuu akavaa mpya na roho nayo huuacha mwili uliochakaa ikaenda kwenye mwingine, Arjuna aliusikia kwa masikio yake. Haya. Siku ya 13 ya vita hiyohiyo mtoto wake Abhimanyu akaingia katikati ya jeshi la adui la Drona lililojipanga kwa mizunguko, kijana anajua kuingia hajui kutoka, wakamzunguka wakubwa wazima wakamuua. Arjuna anarudi kambini jioni anakuta kimya, kila mtu anamkwepa macho. Alilia yule! Alilia, alafu akaapa kwamba kesho jua halizami kabla hajamuua Jayadratha aliyewazuia wenzake wasiingie kumsaidia mtoto, na akishindwa ataingia motoni mwenyewe. Na Krishna, ambaye Abhimanyu ni mtoto wa dada yake, hakumwambia "we si nilikufundisha juzi tu". Alimfariji, akaenda akamfariji na Subhadra mama wa mtoto, na kesho yake akashika hatamu wakaenda vitani.

Yaani mwanafunzi wa kwanza kabisa wa Gita alilia na mwalimu wake yuko palepale, sasa mimi muuza vitambaa ndio nitakaze macho nimzidi nani?

Utasema Arjuna ni mwanajeshi, sio mtawa. Sawa, basi mchukue Ramana Maharshi, mtawa wa India, yule mzee wa kilemba hana, shati hana, ambaye picha yake iko ukutani juu ya kiti changu. Huyu alitoroka nyumbani Madurai mwaka 1896 ana miaka 16, akaacha kikaratasi bila sahihi kwamba anaenda kumtafuta Baba yake, yaani Mungu, na asitafutwe, akapanda treni mpaka Tiruvannamalai kwenye mlima mtakatifu wa Arunachala na hakutoka tena pale mpaka alipofariki 1950. Mama yake alimfuata mwaka 1898, akambembeleza arudi, akalia, kijana kimya. Ukisoma mpaka hapo tu unasema huyu ana moyo wa jiwe. Lakini endelea. Mwaka 1914 mama akaja kumtembelea akashikwa na homa kali, na yule mtu aliyekwisha kusema yeye sio mwili, akatunga beti za kuuomba mlima umponye mama yake. Akapona. Baadae mama akahamia kwake mlimani, akawa anawapikia, na siku ya kufa kwake, tarehe 19 Mei 1922, mwanawe alikaa pembeni yake kutwa nzima, mkono mmoja kifuani kwake mwingine kichwani, hakula mpaka usiku roho ilipotoka. Ilipotoka akanyanyuka akasema twendeni tukale. Na ashram yote, makao ya wafuasi wake, unayoiona leo imeota pale alipozikwa yule mama.

Mimi hizo habari mbili huwa naziweka pamoja, sala ya 1914 na chakula cha 1922. Ukichukua moja ukaacha nyingine unapata mtu wa uongo.

Sasa kujijua kunaingia wapi hapa. Kwenye Mundaka Upanishad, kitabu kingine chetu cha zamani, kuna ndege wawili marafiki kwenye mti mmoja, mmoja anakula matunda matamu, mwingine hali, anaangalia tu. Watu wengi wanasoma pale wanadhani kazi yetu ni kumfukuza yule anayekula, au kumfunga mdomo, wakati mti ni mmoja na ndege ni wawili na hakuna palipoandikwa afukuzwe. Siku ile pale penye moto mimi nilikuwa nalia kwelikweli, kamasi na kila kitu, na kulikuwa na kitu kimetulia kinaona kwamba huyu analia, kinaona moshi, kinaona viatu vya foi vimejaa majivu. Sikukitengeneza, kilikuwepo. Hicho ndio ninachokitafuta kila alfajiri nikikaa, na sio siri wala sio uchawi, Ramana aliandika njia yake wazi mwanzoni mwa miaka ya 1900 alipoulizwa maswali na bwana mmoja mkaguzi na yeye akawa anajibu kwa maandishi maana alikuwa haongei: likija wazo, uliza limemjia nani. Limenijia mimi. Mimi ni nani? Alafu usijibu. Usiseme mimi ni roho, mimi ni Brahman, ule ukweli mmoja wa vyote, hayo ni maneno ya kukariri, wewe baki unatazama hilo "mimi" limetokea wapi. Siku nyingine nakaa hivyo kidogo tu alafu nawaza bei ya mzigo wa khanga, basi nauliza tena, bei imemjia nani. Ndio hivyo miaka yote.

Kung'ang'ania kwenyewe kuna dalili nyingine, siitafuti kwenye machozi. Wakati wa msiba uliona mwenyewe, au hukuona kwenye simu, watu wanavyohesabu nani kakaa karibu na maiti, bangili za bibi zinaenda kwa nani, nani amemhudumia zaidi. Hapo ndipo penye "yangu". Kilio kinapita kama hukukigeuza hati ya madai. Watu wa hapa wana methali yao, Baniani mbaya kiatu chake dawa, na wakiona Baniani anahubiri kuachilia huku duka lina makufuli matatu wanacheka, na wana haki ya kucheka! Ila mfalme Janaka alikuwa na Mithila nzima na ndiye vitabu vinamtaja kama mfano wa mtu asiyeng'ang'ania, kwahiyo makufuli yangu nitabaki nayo.

La pili sasa, la kwako, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Kutolia sio dhambi, kila mtu na wake. Ila umeniandikia pia kwamba siku hizi hupokei simu za ndugu, umeacha kwenda mandir, yaani hekaluni, kazini unafanya ilimradi, na unaona "hakuna kinachonigusa na nafikiri ni maendeleo". Mwanangu, hiyo ni ganzi. Kasome sura ya 18 mstari wa 8, Krishna anasema anayeacha wajibu wake kwasababu unauma, kwa kuogopa taabu ya mwili, huo uachaji ni wa rajas, yaani wa pupa na tamaa, na matunda ya kuacha hayapati. Na mstari wa 7 kabla yake ni mkali zaidi, anayeacha kwa kuchanganyikiwa huyo ni wa tamas, giza tupu. Wewe ulikuwa mbali, viza na likizo vikakukatalia, bibi aliyekulea akachomwa wewe uko chumbani na simu ya kuchajichaji, ni nani asingepata ganzi? Sikulaumu hata kidogo. Nakukataza tu kuipa jina la Kisanskriti.

Ukikaa asubuhi usitafute utulivu, utulivu unao mwingi mno kwasasa. Uliza ile ganzi imemjia nani. Ikiyeyuka ukaanza kulia saa nane usiku, lia, alafu ukishamaliza kulia, ule chakula. Na ukiona imezidi, usingizi hakuna na chakula hakipiti, nenda kwa daktari hukohuko, Gita haijakataza daktari.

Majivu tumeyagawa, mengine tumeyapeleka baharini hapa na mengine kaka yako ataenda nayo Haridwar, kwenye mto Ganga, akipata nafasi. Tumekubakishia kidogo kama utataka kuja kumwaga mwenyewe. Foi anakuulizia kila siku anasema hupokei, mpigie Jumapili, ila sio saa za tamthilia yake maana hapo hata mimi hanisikilizi.

Baba yako