Kufundisha umbo la Menengai kwa kompyuta

Kwa wanafunzi wa shahada walioko Nakuru, kipande kimoja cha data ya mwinuko kinatosha muhula mzima: S01E036. Ndani yake mna volkeno ya Menengai, Ziwa Nakuru, Elementaita, Eburru na Longonot. Kipimo hicho kilichukuliwa na chombo cha anga Endeavour Februari 2000, nukta moja kila mita 30 hivi. Faili ina takriban MB 26. Ipakue mapema na uisambaze kwa flashi, maana darasa zima likipakua pamoja, intaneti ya maabara hulala. Programu ya kuchora ramani ni QGIS, nayo ni ya bure.

Linaloharibu somo mara nyingi ni kukokotoa mteremko mapema mno. Faili huja na latitudo na longitudo kwa digrii, ilhali kimo kiko kwa mita. Programu ikigawanya mita kwa digrii, hata barabara tambarare za mjini hutoka kama ukuta wa digrii 89. Kwa hiyo badilisha kwanza viwianishi viwe EPSG:32737, namba ya mfumo wa ramani unaopima kwa mita. Hapo hapo chagua bilinia, yaani kila kimo kipya kikadiriwe kutoka nukta nne zilizo karibu. Ukiacha chaguo la kawaida la nukta jirani, linalonakili tu kimo cha nukta moja iliyo karibu zaidi, picha ya vivuli (ardhi ikionekana kama imemulikwa na jua) itatoka na mistari kama kitambaa kilichofumwa vibaya. (Walioko Kisumu watumie S01E034 na EPSG:32736.)

Kisha vivuli. QGIS huweka jua digrii 315, kaskazini-magharibi. Nyufa nyingi za bonde hapa huelekea karibu kaskazini-kusini, basi tengeneza picha mbili, jua likiwa 270 na likiwa 350, uwaulize ni nyufa zipi zimepotea kwenye ya pili na kwa nini. Zoezi hili lina faida kuliko mihadhara mitatu.

Kata mkato, yaani mchoro wa kimo kutoka ukingo hadi ukingo, wa kaldera (shimo kubwa la volkeno iliyoporomoka) ya Menengai, yenye kilomita 12 hivi kwa 8, lakini wauchore kwanza kwa penseli kutoka mistari ya kontua. Kompyuta ikitangulia, hawafikiri. Waonye pia kwamba nukta za mita 30 hulainisha genge: ukuta ulio wima kabisa utasomeka kama mteremko wa kawaida.

Ziwa Nakuru liache mwisho. Data inaonyesha ziwa la 2000, kabla maji hayajapanda. Weka juu yake picha ya setilaiti ya Sentinel-2 ya mwaka huu, wachore ufuo mpya, wakokotoe eneo lililoongezeka.