Kutenganisha taka nyumbani kunapunguza kweli gesi zinazopasha dunia joto?

Mkuu umeuliza kuna faida gani kutenganisha taka wakati gari likija linabeba zote kwa pamoja, ukaongeza kwamba gesi hizi ni mambo ya viwanda na magari, sio ndoo yako ya jikoni. Mi natengeneza mboji nyumbani miaka mingi sasa na hili suala linanigusa sana, so naomba nijibu kwa kirefu.

Wengi tukisikia taka na mazingira tunawaza plastiki. Plastiki ni balaa kweli, inaziba mitaro na inaua viumbe vya baharini, lakini ikishafukiwa inakaa tu, gesi inayotoa ni kidogo mno. Zinazotoa gesi ni zile tunazoona hazina madhara, yaani maganda, mabaki ya chakula, majani, karatasi zilizolowa. Ukizifunga kwenye mfuko zikaenda dampo zikafunikwa na matani ya taka nyingine hewa haifiki tena, wanaobaki kazini mle ni bakteria wasiohitaji oksijeni na hao ndio wanaozalisha methani, gesi ya dampo karibu nusu yake ndo hiyo na nusu nyingine ni hewa ukaa. Methani haikai sana angani, kama miaka 12 hivi, ila ni kali. Ukihesabu kwa miaka 20 inapasha joto zaidi ya mara 80 kuliko hewa ukaa ya uzito uleule, na hata ukihesabu kwa miaka 100 bado ni kama mara 27 hivi. Maana yake ukiipunguza leo nafuu inakuja mapema, hewa ukaa haiko hivyo.

Najua kuna atakayesema madampo ya kisasa yana mabomba ya kunasa gesi. Ni kweli, tatizo chakula kinaoza haraka, gesi nyingi inakuwa ishatoroka kabla bomba halijafika. Marekani wana hayo mabomba kwenye madampo mengi na bado mwaka 2023 mamlaka yao ya mazingira, EPA, ilikadiria kwamba asilimia 58 ya methani inayovuja kwenye madampo ya taka za mijini inatokana na chakula kilichotupwa. Asilimia 58, chakula tu!

Sasa maganda yaleyale ukiyaweka kwenye mboji yenye hewa yanaoza vilevile ila kinachotoka kwa wingi ni hewa ukaa ambayo mmea wenyewe uliivuta majuzi tu, haijaongeza kitu kipya angani. Sharti ni hewa. Lundo langu likiwa sawa nikilichimbua katikati linatoka mvuke na linanukia udongo, likilowa sana na kushindiliwa linaanza kunuka yai viza na hapo najua oksijeni imekata humo ndani. Methani yenyewe haina harufu lakini inazaliwa kwenye hali hiyohiyo, kwa hiyo sisubiri, naongeza majani makavu na maboksi niliyoyachanachana, nageuza lote juu chini mpaka linyanyuke lipumue.

Kuchoma taka uani sio suluhisho kabisa. Plastiki imetokana na mafuta ya petroli, ukiichoma ni kama umechoma mafuta hayohayo, halafu masizi yake nayo yanapasha joto na watoto wako ndo wanaovuta ule moshi.

Ila hata mboji yenyewe inakuja mwishoni. Chakula kikifika kwenye ndoo kimeshatumia mbolea, maji, usafiri, friji na gesi ya kupikia, na mboji hairudishi hata kimoja. Umoja wa Mataifa kupitia shirika lake la mazingira, UNEP, ulikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa chakula tani bilioni 1.05 na asilimia 60 ilitoka majumbani, sio hotelini wala madukani, majumbani! Ukijumlisha na kinachopotea njiani tangu shambani inakuwa asilimia 8 mpaka 10 ya gesi zote zinazopasha dunia joto. Kwa hiyo kabla hujanunua ndoo ya pili angalia kwanza nini kinaharibikia kwenye friji yako kila wiki, pika kidogo, kilichobaki kiliwe kesho.

Kuhusu gari kuchanganya, nakuelewa kabisa na inakatisha tamaa, ndo maana Korea Kusini walipiga marufuku kupeleka mabaki ya chakula dampo moja kwa moja tangu 2005, haya mambo yanahitaji sheria na magari yake. Lakini taka za kuoza zikiishia kwako gari halina cha kuchanganya, na kilichobaki kikiwa kikavu anayeokota chupa na makopo anavipata visafi. Kopo la alumini likiyeyushwa upya linaokoa kama asilimia 95 ya nishati ya kutengeneza alumini mpya.

Kama unaishi ghorofani huna uwanja, ndoo yenye mfuniko iliyotobolewa ubavuni inatosha kuanzia, kila ukiweka mabaki funika na tabaka la karatasi kavu, nyama na mafuta usiweke. Ukikwama uliza hapahapa, nitakuelekeza.