Jibu: Kuanza takwimu darasani

Mwalimu mwenzangu, umeuliza uanze na fomula ya wastani au data kwanza. Anza na data, tena ya wanafunzi wenyewe. Kila mmoja aandike ubaoni dakika anazotumia kutoka nyumbani hadi shuleni. Tuseme saba wa kwanza wameandika 10, 15, 15, 20, 25, 30 na 95. Wa 95 anatoka Likoni, ng'ambo ya feri Mombasa, na asubuhi hiyo foleni ya feri ilikuwa ndefu.

Jumla ni 210; igawe kwa saba, wastani ni 30. Hapo nyamaza, waache watazame: sita kati ya saba hawazidi 30! Ya katikati, yaani mediani, ni 20, na kwa maoni yangu ndiyo inayolieleza darasa hili vizuri zaidi. Modi, yaani namba inayojirudia zaidi, ni 15, hiyo haiwasumbui. Sasa badilisha 95 iwe 25: wastani unashuka hadi 20, mediani haisogei. Tofauti ya kubwa na ndogo nayo inatoka 85 hadi 20.

Ila tafadhali, wasizoee kufuta namba iliyo mbali na wenzake. Mwenye 95 yupo darasani, wamuulize imekuwaje. Fomula waandike kipindi kinachofuata.