Maswali ya Wasomaji: Halloween Uani kwa Shilingi Elfu Hamsini

SWALI: Mpendwa Mhariri wa Safu, baada ya salamu naomba ushauri wako. Ninaishi Cheyo hapa Tabora pamoja na mume wangu, mama mkwe na watoto wetu wawili. Tangu mwezi Juni tunaye pia binti wa dada yangu, mwenye umri wa miaka 11, aliyezaliwa na kukulia Marekani, ambaye kila jioni hunikumbusha kwamba tarehe 31 Oktoba ni Halloween, na kwamba huko alikokuwa watoto huvaa mavazi ya kujigeuza na kupita nyumba kwa nyumba wakipewa peremende. Ningependa kumfanyia sherehe ndogo nyumbani pamoja na wenzake wapatao 14 wa shuleni na mtaani, lakini fedha niliyoweza kutenga ni shilingi 50,000 tu. Isitoshe, mama mkwe ameshasema kwamba hataki mambo ya mizimu katika uwanja wake. Nifanyeje ili mtoto afurahi, fedha itoshe na nyumba ibaki na amani? — Mama Mdogo, Cheyo, Tabora.

JIBU: Mama, fedha uliyonayo inatosha, na nitakuonyesha namna ya kuigawa, lakini niruhusu nianze na mama mkwe wako, kwa sababu ameona jambo ambalo wengi wanaoiga sherehe hii hawalioni.

Jina la Halloween linatokana na maneno ya Kiingereza cha zamani yenye maana ya mkesha wa Watakatifu Wote, sikukuu ambayo Wakatoliki huiadhimisha tarehe 1 Novemba, nayo hufuatwa na kumbukumbu ya marehemu wote tarehe 2. Desturi zake nyingi, hata hivyo, zilitoka Ireland na Scotland, ambako watu wa kale walikuwa na sikukuu ya Samhain ya kufunga mavuno na kuingia majira ya baridi, wakiamini kwamba usiku huo wafu huwakaribia walio hai. Watu wa Ireland waliohamia Marekani kwa wingi katika karne ya 19, hasa kutokana na njaa kuu iliyoanza mwaka 1845, ndio waliozipeleka huko. Kwa hiyo mama mkwe hakukosea: mizimu imo katika asili ya sherehe. Kilichobaki kwa watoto wa Marekani wa leo ni mavazi, taa na peremende, na hayo matatu yanaweza kuandaliwa bila kumgusa marehemu wa mtu yeyote. Mweleze hivyo waziwazi, usimfiche, kisha mwombe yeye mwenyewe akutajie kitu ambacho hataki kukiona, nawe ukiheshimu.

Mimi nitakutajia vya kwangu, na hapa ninazungumza kama mtu aliyekwisha kukosea. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa mgeni katika mtaa mmoja wa mji huo huo, nilitundika shuka jeupe kwenye mwembe ili watoto wa nyumbani wacheke. Mzee jirani, akitoka msikitini baada ya swala ya Isha, aliona kitu cheupe kikiyumba gizani, akapiga mwano, yaani ukelele wa kuita watu, na kabla sijavaa ndala sungusungu walikuwa wamejaa uani na marungu yao. Nilieleza kwa muda mrefu sana usiku ule, na shuka sijalitundika tena, hata la kuanikwa likichelewa jioni hulianua mwenyewe.

Kwa hiyo usitundike mashuka. Usitumie kibuyu hata kama kinachongeka vizuri, wala usipambe kwa vitambaa vyeusi, vyekundu na vyeupe kwa pamoja, kwa sababu mpita njia atadhani umemwita mganga. Bundi wa karatasi, anayependwa sana katika mapambo ya Ulaya, kwetu ni ndege wa mkosi, naye abaki hukohuko. Zaidi ya yote, asiwepo mtoto aliyevaa kama bibi kizee mchawi mwenye macho mekundu. Katika mikoa yetu ya magharibi na ile ya Kanda ya Ziwa, akina mama wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi zilizotokana na macho mekundu, macho ambayo mara nyingi yamewiva kwa moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe walichopikia maisha yao yote. Kwa sababu iyo hiyo usimpake mtoto uso mzima rangi nyeupe ili atishe. Ndugu zetu wenye ualbino wamewindwa katika mikoa hii, na sura zao si kinyago cha kuchekesha watu.

Baada ya kuyaondoa hayo, utaona kwamba umepunguza gharama pia, maana vitu vya kutisha ndivyo vinavyouzwa ghali.

Fedha yako igawe hivi: shilingi 30,000 ziende kwenye chakula na vinywaji, 8,000 kwenye peremende, 5,000 kwenye mishumaa, kamba na karatasi za rangi, na 7,000 zilizobaki uzifunge kwenye ncha ya kanga, kwa kuwa hakuna sherehe ya watoto isiyokuwa na dharura.

Taa ndiyo roho ya usiku huo. Wamarekani huchonga boga, lakini huko Ireland taa ya kwanza ilichongwa katika kiazi aina ya tanipu, na boga lilichukua nafasi yake Marekani kwa sababu ni kubwa na laini zaidi kuchonga. Nasi tunaweza kubadilisha tena bila kuomba ruhusa ya mtu. Oktoba kwetu ni mwisho wa kiangazi, maboga mengi ya msimu yamekwisha kuliwa, na machache utakayoyakuta sokoni yatakuwa na bei isiyolingana na mfuko wako. Nunua boga moja tu, liwe la mezani, na taa nyingine utengeneze kwa makopo matupu ya nyanya au ya maziwa ya unga. Jaza kopo mchanga wenye unyevu na uushindilie mpaka juu, kwa sababu kopo tupu hubonyea likigongwa. Chora kwa mkaa macho mawili, pua ya pembetatu na mdomo wenye meno yaliyopishana, halafu utoboe kwa msumari na nyundo kufuata mstari, tundu moja hadi jingine pakiwa na nafasi ya upana wa kidole. Mwaga mchanga, futa kopo, simamisha mshumaa mfupi ndani kwa kudondosha nta chini yake. Giza likiingia, nukta hizo za mwanga huungana na kuwa uso, na watoto waliotengeneza wenyewe mchana hawataki kuondoka mbele yake. Kopo hupata moto sana, kwa hiyo lipangwe chini ukutani, mbali na nyasi kavu na mbali na mapindo ya nguo. Mtu mzima mmoja asiwe na kazi nyingine ila kuyaangalia.

Kuhusu mavazi, waambie wazazi mapema kwamba hakuna kununua. Tabora ni mji wa asali, na sijaona vazi rahisi kuliko la mrina asali: koti la baba, soksi mikononi, na mfuko wa wavu wa vitunguu ukifunika kofia ya ukili hadi mabegani. Mwingine awe kondakta wa treni mwenye mkoba na filimbi, maana reli iliyofika mjini kwenu mwaka 1912 imewapa watoto wengi ndoto ya kazi hiyo. Wapo watakaotaka kuwa simba, nao wachorewe masharubu kwa wanja. Barakoa za karatasi sizipendi, kwa sababu humziba mtoto macho pale anapokimbia karibu na moto.

Chakula kiwe cha nyumbani: bisi, karanga za kukaanga, embe bichi lenye chumvi na pilipili, juisi ya ukwaju, na maandazi. Kilo mbili za unga wa ngano zitakupa maandazi madogo ya kutosha watoto wote na majirani watakaochungulia. Huko Scotland upo mchezo wa zamani wa usiku huo, ambao hutundikwa vitumbua vya mkate vilivyopakwa molasi kwenye kamba, na watoto huvila bila kutumia mikono. Wewe tundika maandazi yaliyopakwa asali, usawa wa midomo, mikono ya kila mtoto ikiwa mgongoni. Weka ndoo ya maji na sabuni karibu, kwa sababu asali itafika mpaka masikioni. Ikiwa yupo mtoto mchanga asiyefikisha mwaka mmoja, asilambishwe asali hiyo hata kidogo, kwa kuwa inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo lake haliwezi kuvishinda.

Limebaki suala la kupita nyumba kwa nyumba, ambalo kwa watoto wa watu usiku si la kujaribu. Mpangie binti yako safari ya ndani ya nyumba yenu: mtu mzima mmoja jikoni, mmoja sebuleni, mmoja chumba cha uani, na mama mkwe, akikubali, barazani kwenye mkeka wake. Watoto wabishe hodi, na badala ya lile tishio la Kimarekani la kudai zawadi au kufanya vituko, aliye ndani aseme, "Kitendawili!" nao waitike, "Tega!" Wakitegua kwamba nyumba isiyo na mlango ni yai, wapewe peremende, wakishindwa, watoe mji, naye aupokee na kuutembelea kwa maneno kama ilivyo desturi, kisha awape jibu na peremende vilevile. Nina hakika kwamba mlango utakaopendwa kuliko yote ni wa bibi, naye ndiye atakayeuliza mwakani kama sherehe ipo.

Waalike saa kumi na moja jioni. Jua la Tabora mwishoni mwa Oktoba huzama kama saa kumi na mbili na dakika arobaini, kwa hiyo makopo yatawashwa saa moja, na saa mbili na nusu kila mtoto akabidhiwe kwa mzazi wake. Siku mbili kabla, mpe taarifa balozi wenu na majirani wa pande zote, na umwombe kila mzazi ridhaa yake. Atakayekataa kwa imani yake asibembelezwe.

SWALI: Mhariri, shikamoo. Sisi ni vijana wanne wapangaji wa nyumba moja hapa Mwanga, Kigoma, na tunataka kumwandalia mwenzetu wa kazini, ambaye ni mgeni kutoka Uingereza, jioni ya Halloween. Uwanja wetu hauna paa na umeme hauaminiki. Tufanyeje? — Wapangaji, Kigoma.

JIBU: Marahaba, wanangu. Mvua za Kigoma huwa zimekwisha kuanza mwezi huo, kwa hiyo msitegemee uwanja: fanyieni barazani, na turubai likae tayari. Upepo wa ziwani utazima mishumaa yenu, basi tumieni taa ndogo za sola mlizozianika mchana, kila moja mkiifunika kwa papai bichi lililokatwa kitako, likakombwa ndani na kuchongwa uso. Papai bichi lina utomvu unaowasha, hivyo lioshwe vizuri na achongaye apake mafuta mikononi kwanza. Mgeni wenu akitaka vazi, mwacheni awe sokwe wa Gombe. Chakula msihangaike nacho. Dagaa wa kukaanga wenye ndimu na pilipili, palepale walipovuliwa, ni jambo ambalo kwao hatalipata kwa fedha yoyote.

SWALI: Je, boga lililochongwa laweza kuliwa kesho yake? — Msomaji, Ipuli, Tabora.

JIBU: Lililokaa na mshumaa usiku kucha katika joto letu, hapana, mpe ng'ombe. Ila nyama uliyoikomba wakati wa kuchonga ipike siku iyo hiyo kwa karanga za kusaga, na mbegu zioshwe, zianikwe, kisha zikaangwe kwa chumvi. Mimi huwa nachonga boga kwa ajili ya mbegu hizo.