Uchungu wa Saladi Umetoka Wapi?

SWALI: Ninaishi Muscat na familia yangu. Huku jirjir, yale majani ya saladi yaitwayo pia arugula, huuzwa kwa vifungu sokoni, nasi tumezoea kuitafuna mbichi kando ya wali na samaki, pamoja na figili na ndimu. Majuzi nilikuwa na wageni wa chakula cha mchana, nikataka kuifanya saladi. Saa mbili asubuhi nilimenya machungwa mawili, nikayasaga kwenye blenda pamoja na ndimu, mafuta ya zeituni na chumvi, nikachanganya na majani, kisha nikaweka kwenye friji. Tulipokaa kula saa nane, majani yalikuwa yamelala na kufifia rangi, na uchungu ulishinda hata ule wa mboga ya mchunga wa kwetu. Je, niliuziwa jirjir mbaya?
Msomaji, Muscat

JIBU: Dada yangu, usiilaumu jirjir. Mmea huu ni wa ukoo mmoja na kabichi, figili na haradali, na ladha yake kubwa ni ule ukali unaowasha ulimi. Uchungu nao upo, lakini ni wa kiasi, isipokuwa pale mmea unapokuwa umekomaa na kuanza kutoa maua. Uchungu unaoueleza wewe, kwa maoni yangu, ulitoka kwenye machungwa.

Mbegu za chungwa, utando wa vipande vyake na ile ngozi nyeupe inayobaki baada ya kumenya vina asili ya dutu iitwayo limonini. Katika tunda zima dutu hiyo huwa katika hali isiyo na uchungu, lakini blenda inapochanachana utando na kuuchanganya na maji makali ya tunda, hugeuka polepole kuwa chungu, na ndiyo maana sharubati iliyokuwa tamu asubuhi inaweza kukuchukiza mchana. Machungwa ya kitovu, yale yasiyo na mbegu, yanajulikana sana kwa tabia hii. Mafuta ya zeituni yasiyosafishwa nayo huweza kuongeza uchungu yakisagwa kwa blenda, kwa hiyo huenda ulijumlisha uchungu juu ya uchungu.

Kulala kwa majani kulisababishwa na chumvi, ambayo huvuta maji kutoka ndani ya jani, na rangi iliharibiwa na ndimu, kwa kuwa asidi huiondolea klorofili (rangi ya kijani ya majani) magnesiamu yake na kuacha kijani kilichofifia. Saa sita ni nyingi mno. Mimi nisingeruhusu hata nusu saa.

Safari nyingine chagua vifungu viwili vya majani machanga, ukate mashina magumu, uoshe mpaka mchanga uishe, kisha uloweke kwa dakika 15 katika maji yenye barafu ili majani yasimame. Yakaushe kabisa kwa taulo safi la jikoni, maana jani lenye maji halishiki mafuta, nayo sosi hutiririka yote hadi chini ya bakuli. Wageni wakiwa wameshanawa mikono, kamua kwa mkono, bila kuminya maganda kwa nguvu, ndimu moja na nusu ya chungwa, utie nusu kijiko cha chai cha chumvi na asali kidogo, ukoroge hadi chumvi iyeyuke, ndipo umimine vijiko vitatu vikubwa vya mafuta huku ukipiga kwa uma. Chumvi usiiogope, kwa sababu hupunguza uchungu ulimini kuliko hata asali. Nusu ya chungwa iliyobaki ivue utando, uitandaze juu ya majani pamoja na figili iliyokatwa nyembamba, umimine sosi, uchanganye, na mle papo hapo.

Ukipata danzi, litumie badala ya chungwa na ndimu kwa pamoja, kwani lina ukali na harufu ambayo naipenda kuliko zote. Balungi pia linafaa, ila mgeni anayetumia dawa za shinikizo la damu au za kupunguza lehemu amwulize kwanza daktari wake, kwa kuwa tunda hilo huongeza nguvu ya baadhi ya dawa hizo mwilini.

Kuhusu mchunga ulioutaja, usijaribu kuuweka mahali pa jirjir katika saladi hii. Uchungu wake umo ndani ya jani lenyewe, na ndiyo sababu wazee wetu huuchemsha, humwaga maji yake, kisha huuunga kwa tui la nazi.