Maneno Marefu ya Kiingereza na Herufi Zinazoyakutanisha

Swali (msomaji wa Wete): Maalim, kijana wangu amerudi skuli na habari kwamba lipo neno la Kiingereza la mpigapicha wa sinema ambalo herufi zake zikipanguliwa na kupangwa upya hutoka jina la popo. Je, ni kweli?

Jibu: Ni kweli, na popo wenyewe ni wa kwenu. Neno la kwanza ni “cinematographer” na la pili ni “megachiropteran”. Kila moja lina herufi 15, na ukizihesabu utaona kuwa a, e na r zimeingia mara mbili mbili katika yote mawili, na zilizobaki mara moja moja. La kwanza limetokana na Kiyunani, ambamo “kinema” ni mwendo na “graphein” ni kuandika, hivyo mpigapicha huyo ni mwandishi wa mwendo. La pili nalo limeungwa kwa Kiyunani: “mega” ni kubwa, “kheir” ni mkono, na “pteron” ni bawa. Ndiye popo mkubwa mla matunda, ambaye mkono wake ndio bawa lake, na popo wa Pemba wanaotazamwa pale Kidike, ambao kimaumbile hawapatikani popote pengine duniani, ni wa kundi hilo.

Hata hivyo, kukutana kwa herufi za mpigapicha na za popo ni sadfa tupu. Jamaa wa kweli wa neno la popo ni helikopta, kwa kuwa silabi yake ya mwisho ni mabaki ya “pteron” lile lile, na mwanzo wake ni “helix”, yaani kitu kilichojizungusha kama parafujo.

Swali (mwanafunzi wa Mkwajuni): Niliandika insha ya Kiingereza juu ya msitu wa Jozani, nikapunguziwa alama kwa kuandika “conversation” mahali pa “conservation”. Herufi ni zile zile 12. Je, si uonevu?

Jibu: Mwalimu wako ametenda haki, mwanangu, kwani kwa ulivyoandika, kima punju wa Jozani wanahitaji mazungumzo, ilhali wanachohitaji ni uhifadhi. Herufi zilizobadilishana nafasi ni mbili tu, v na s, lakini kila neno lina mzizi wake wa Kilatini. Neno la uhifadhi limetoka kwenye “servare”, kulinda, na mzizi huo utaukuta pia katika “reserve”, “preserve” na “observe”. Neno la mazungumzo limetoka kwenye “vertere”, kugeuka, mzizi uliozaa “reverse”, “version” na “universe”. Maana yake ya zamani ilikuwa kuishi na kuchangamana na watu, na baadaye ikaishia kwenye kuzungumza nao. Kabla ya kuandika, jiulize kama jambo lenyewe ni la kulinda, na likiwa hivyo, tanguliza “serv” mbele ya “ation”.

Swali (msomaji wa Michenzani): Neno refu kuliko yote ni lipi, na maana yake ni nini?

Jibu: Katika kamusi kubwa za Kiingereza hutajwa “pneumonoultramicroscopicsilicovolcanoconiosis”, lenye herufi 45, ambalo maana yake ni maradhi ya mapafu yanayoletwa na kuvuta vumbi laini mno la silika kutoka volkano. Binafsi silistahi sana. Lilibuniwa mwaka 1935 na Everett Smith, rais wa chama cha Marekani cha wapenzi wa mafumbo ya maneno, kwa kusudi la kuwa refu, na madaktari hutosheka na “silicosis”.

Linalostahili heshima zaidi ni “antidisestablishmentarianism”, herufi 28, kwa sababu lilizaliwa na mjadala wa kweli, ule wa Uingereza ya karne ya 19 juu ya kulitenganisha Kanisa la nchi hiyo na dola. Nalo ni msimamo wa wale waliopinga utengano huo. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kulitishikia, kwani sisi husema “hawatatutenganisha” kwa pumzi moja, na viambishi vimepangana mbele na nyuma ya mzizi kwa namna hiyo hiyo.

Swali (msomaji wa Jambiani): Je, kuna neno lenye irabu zote tano kwa mpangilio wake?

Jibu: Yapo. “Abstemious” ni sifa ya mtu anayejizuia katika kula na kunywa, na “facetious” ni ya mtu anayeleta mzaha pasipo mahali pake. Ukiongeza “ly” mwishoni, hata y hupata nafasi baada ya zile tano.

Swali (msomaji wa Mkoani): Na neno refu ambalo hakuna herufi inayojirudia?

Jibu: “Uncopyrightable”, yaani kisichoweza kuwekewa hakimiliki, lina herufi 15 zote tofauti. Kinyume chake ni “intestines”, matumbo, ambamo i, n, t, e na s zimekuja mbili mbili bila ya upungufu. Mwanafunzi wa baiolojia anaweza kukagua tahajia yake kwa njia hiyo, kwani herufi ikikosa mwenzake, neno limekosewa.