Hizo 384 zimetoka wapi?

SWALI: Mimi ni tabibu wa zahanati wilayani Tandahimba. Wajawazito wetu wengi huanza kliniki mimba ikiwa na miezi mitano au sita, nataka kufanya utafiti nijue sababu. Mtaalamu wa takwimu niliyempata mtandaoni anasema sampuli iwe kinamama 384, na nikimlipa atakamilisha kila kitu kwa wiki mbili. Tunapokea wajawazito wapya kama 20 kwa mwezi. Nimeambatanisha hojaji yake. Unashaurije?

JIBU: Ndugu tabibu, hiyo 384 nimeichoka. Kila anayekuja ofisini kwangu hapa Mtwara anayo, na hakuna anayejua ilikozaliwa. Ni 1.96 (uhakika wa asilimia 95) kipeo cha pili, mara 0.5, mara 0.5 (kudhani nusu kwa nusu), gawa kwa 0.05 (kosa linaloruhusiwa) kipeo cha pili. Basi. Inajibu swali la "wangapi kwa mia" kwa watu waliochaguliwa kwa bahati nasibu. Wewe umeuliza "kwa nini", tena unataka kuwauliza waliokwisha kufika. Ambaye hakufika kabisa, akajifungulia nyumbani, hayupo kwenye benchi lako.

Halafu piga hesabu. Kwa wajawazito 20 kwa mwezi, 384 ni miezi 19. Yeye kaahidi wiki mbili. Waliobaki atawapika, yaani atawajazia majibu ya kubuni.

Nimewahi kuletewa rundo la hojaji zilizopikwa. Kalamu moja ya bluu mwanzo hadi mwisho, hakuna karatasi iliyokunjika kona, hakuna mama aliyekataa swali wala aliyesahau tarehe ya hedhi yake ya mwisho. Kijiji gani hicho?

Anza na rejesta yako ya wajawazito, kitabu namba 6 cha MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya. Umri wa mimba hudhurio la kwanza umo. Chukua miaka miwili, panga kwa mwezi na kwa kitongoji, uone kama wanachelewa msimu wa korosho au wanachelewa wa mbali. Kisha tafuta mtu wa nje aketi na kinamama kumi na tano hivi, wakiwemo waliojifungulia nyumbani, mpaka majibu yaanze kujirudia. Asiwahoji mtu wa zahanati. Nani atakwambia usoni kwamba nesi wako alimrudisha akamlete mume, au akachukue barua kwa mtendaji wa kijiji?

Omba kibali cha maadili NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na ruhusa ya Mganga Mkuu wa Wilaya kabla hujamhoji mtu. Kibali hakiombwi data zikiwa tayari mkononi.

Mafundi hawa wa siku chache wanatuharibia zaidi ya shahada za watu. Ripoti ikisema kinamama "hawana elimu", halmashauri inachapisha vipeperushi, fedha zinaisha, na mama wa Tandahimba bado anazungushwa palepale mlangoni. Hojaji uliyonitumia ina maswali 46. Elimu imeulizwa mara tano, barua ya mtendaji haimo.